MAJI YALIYO CHINI YA NYUMBA, NA HAKI YA JIRANI

 

Kila masika hutujia maswali yenye kufanana. Mmoja asema birika lake la chini ya ardhi, alilolijenga kwa saruji nzuri na fundi mwaminifu, limepasuka siku alipolimwaga maji ili alisafishe. Mwingine asema chumba chake cha chini ya ardhi hutoka maji sakafuni hata siku zisizo na mvua. Wa tatu haulizi habari ya maji, huuliza habari ya jirani, kwamba amemharibia ukuta, na je, ana haki gani juu yake? Tumeyaona maswali haya matatu kuwa yana shina moja, na kwa hivyo tutayajibu pamoja.

Jambo hili limezidi siku hizi kwa sababu ardhi ya mijini imekuwa ghali. Mwenye kiwanja kidogo hujenga ghorofa juu, kisha akachimba na chini apate pa kuwekea magari au bidhaa. Maji ya bomba nayo hayaji kila siku, kwa hivyo watu huchimba matangi ya kuyahifadhi. Na wenye wasaa huchimba mabwawa ya kuogelea. Kuchimba si vibaya. Lakini anayechimba huingia katika makao ya mwingine, nayo ni makao ya maji. Hapana budi ayajue mazoea ya mwenyeji wake.

MAJI YAKAAPO

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Surat al-Muuminun, aya ya 18, kwamba huyateremsha maji ya mvua kwa kiasi, akayatuliza katika ardhi, na kwamba ni muweza wa kuyaondoa. Mvua inyeshapo, sehemu yake hupita juu ya nchi ikaenda baharini, sehemu hurudi hewani kwa jua, na sehemu huzama mpaka ikafika mahali ambapo kila tundu la mchanga na kila ufa wa mwamba umejaa. Uso wa maji hayo ndio tuuonao tukichungulia kisimani. Kisima hakizalishi maji; kisima ni dirisha la kutazamia maji yaliyokwisha kuwapo chini ya mtaa mzima, chini ya nyumba ya tajiri na nyumba ya maskini.

Uso huo haukai mahali pamoja. Masika hupanda, na kiangazi hushuka. Na kwetu sisi watu wa mwambao, penye nyumba zilizo karibu na ufuo, hufuata pia bahari: maji yakijaa hupanda, yakipwa hushuka, na wakati wa bamvua mwendo wake huwa mkubwa kuliko wakati wa maji mafu. Ndiyo maana mtu aweza kuikuta sakafu yake ya chini imelowa mchana wa jua kali, mbingu haina hata wingu moja. Huyo atazame mwezi kabla ya kumlaumu fundi.

NGUVU YA MAJI

Wengi hudhani kuwa maji huidhuru nyumba kwa kuilowesha tu. Sivyo. Maji husukuma. Kwa kila mita 1 ya kina, maji husukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 1 juu ya kila mita ya mraba. Wala hayasukumi kwenda chini peke yake, bali husukuma pande zote, hata kwenda juu.

Tuchukue mfano wa chumba cha chini ya ardhi, ambacho sakafu yake ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Uso wa maji ya ardhini ukipanda mita 1 kupita upande wa chini wa sakafu hiyo, sakafu yote husukumwa kwenda juu kwa nguvu ya tani 20. Zege lenye unene wa sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na maji yasukuma kwa kilo 1,000. Hesabu hii mtoto wa madrasa aweza kuifanya ubaoni: 360 haiwezi kuizuia 1,000. Ikiwa sakafu haikufungwa na kuta kwa nondo za kutosha, itainuka au itapasuka. Na hata isipopasuka, maji yatatafuta pale sakafu inapokutana na ukuta, au pale bomba lilipotobolewa kupita, nayo yataingia hapo. Kuta nazo zina taabu yake. Ukuta uliozama mita 2, na ardhi nje yake imejaa maji mpaka juu, husukumwa kwa kiasi cha tani 2 kwa kila mita moja ya urefu wake, mbali na uzito wa udongo wenyewe.

Na birika je? Birika hushindana na ardhi kama watu wawili waliousukuma mlango mmoja, huyu ndani na huyu nje. Nguvu zao zikikaribiana mlango husimama. Tuseme birika lina vipimo vya nje vya mita 3 kwa mita 2, na kina cha mita 2. Mahali lilipokaa pangeweza kukaa tani 12 za maji. Likijengwa kwa zege la sentimita 15, kuta na sakafu, bila ya kifuniko, uzito wake ni tani 8 na kidogo. Likiwa na maji ndani hapana neno. Lakini likimwagwa siku ambayo ardhi imejaa maji mpaka juu, tani 8 zasukumwa na tani 12, na birika lataka kuelea. Dau huelea kwa sababu ni tupu. Birika tupu nalo ni dau lililozikwa. Tangi la plastiki, ambalo ni jepesi mno, huelea upesi zaidi. Na bwawa la kuogelea ni hivyo hivyo: pana kuliko birika, na sakafu yake ni nyembamba kwa ukubwa wake.

Basi ndugu yetu wa swali la kwanza asiharakishe kusema saruji ilikuwa chache. Huenda birika lilikuwa zima, na siku ya kulimwaga ndiyo haikuwa siku yake.

KUZIBA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Wahenga wametuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hilo ni kweli, ila tufahamu maana ya kuziba. Mtu aonapo maji yatoka ukutani, huita fundi akapiga plasta ya saruji upande wa ndani. Maji yaliyo nje hayakupungua hata tone. Yasukuma vile vile, na plasta haina kinachoishikilia nyuma yake. Baada ya masika mbili au tatu huvimba na kubanduka. Kizuizi cha maji mahali pake ni upande yatokako maji, yaani upande wa nje wa ukuta, nacho huwekwa wakati wa kujenga, kabla udongo haujarudishwa.

Kwa nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, plasta ya saruji huleta dhara jingine. Ukuta wa chokaa hupumua. Maji yaliyopanda kutoka chini hutoka kwa hewa. Ukifunikwa kwa saruji, unyevunyevu hukosa njia, hupanda juu zaidi, na chumvi yake hula mawe na chokaa ndani kwa ndani. Ule unga mweupe tuuonao ukutani ni chumvi hiyo. Nyumba ya chokaa na itengenezwe kwa chokaa.

Dawa ya asili si kushindana na maji, ni kuyapa njia. Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Bakr al-Karaji, mwanachuoni wa hesabu, alitunga kiasi cha mwaka 1017 kitabu kizima cha Kiarabu juu ya kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, akaeleza namna ya kuchimba mifereji ya chini kwa chini na kuupima mteremko wake. Mifereji ya namna hiyo ndiyo aflaji za Oman, ambazo baadhi ya wasomaji wetu wamewasikia babu zao wakizitaja. Maji husafiri ndani ya ardhi kwa mwinamo mdogo tu, bila ya mashine. Mwenye nyumba ahitaji ujuzi ule ule, ila kwa kusudi jingine: mwenye falaji huyaongoza maji yaje kwake, na mwenye chumba cha chini huyaongoza yapite mbali naye.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, mwenye kutaka kuchimba na akatazame kisima kilicho karibu, katika masika na wakati wa bamvua, apime toka juu ya ardhi hata uso wa maji. Uso huo ukiwa juu ya sakafu anayoikusudia, bora aache kuchimba, au amtafute mhandisi mwenye kuijua kazi hiyo, wala asimwachie fundi mwashi peke yake. Huko Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, linalonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta huko mwaka 1331, liko hodhi la kuogea la pembe nane, na jumba lenyewe limesimama juu ya genge linalotazama bahari. Hodhi lililo mahali pa juu namna ile taabu yake ni kulijaza, si kusukumwa kutoka chini.

Pili, maji ya mvua yaondolewe kabla hayajazama. Paa liwe na mifereji, na mifereji imwage mbali na msingi. Na ardhi inayoizunguka nyumba iinamie nje. Kazi hii ni ya gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo ipuuzwayo kuliko zote.

Tatu, kando ya msingi, usawa wa sakafu ya chini au chini yake kidogo, ichimbwe njia, ilazwe bomba lenye matundu lililozungukwa na kokoto na kufunikwa kitambaa cha kuzuia mchanga, nalo liinamie mahali pa chini. Pasipokuwa na mahali pa chini, maji yakusanywe katika kishimo na kutolewa kwa pampu.

Nne, birika au bwawa lisimwagwe katika masika. Kulisafisha kungoje kiangazi, na kwa walio karibu na bahari kungoje maji mafu. Ni vyema kando ya birika pasimamishwe bomba lenye matundu chini, liwe kama kisima kidogo cha kuchungulia: kabla ya kumwaga, teremsha kamba yenye jiwe, ujue maji ya nje yamefika wapi. Mabwawa ya kuogelea mengine yamewekewa vali katika sakafu, ambayo hufunguka maji ya chini yakizidi nguvu, yakaingia bwawani badala ya kulipasua. Vali hiyo isizibwe kwa plasta wala kwa vigae.

Tano, chumba cha chini kikijaa maji, umeme ukatwe kabla mtu hajatia mguu. Kisha maji yasitolewe yote kwa siku moja, ikiwa nje ardhi bado imejaa. Kwa maana maji ya ndani yameegemeza ukuta, na ukiyaondoa ghafla huenda ukaanguka. Toa kiasi, tia alama ukutani, ulale. Asubuhi ukikuta yamepanda, jua kwamba maji ya nje bado yako juu, nawe ungoje. Wala mtu asiingie peke yake ndani ya birika au shimo lililofungwa siku nyingi, kwani hewa yake huweza kuua. Wangapi wameingia kumwokoa mwenzao, wakafa wote wawili!

JIRANI

Sasa tufike katika swali la tatu, nalo kwetu ndilo zito. Mtume wetu s.a.w. ametukataza kudhuru na kulipana madhara. Birika livujalo, bomba lipasukalo, maji ya pampu yatupwayo penye msingi wa mwenzako, yote haya ni madhara, na mwenye chombo ndiye apasaye kuyaondoa, hata kama kiwanja ni chake na hati anayo. Hata pampu yenyewe itazamwe. Anayevuta maji ya ardhini mchana na usiku ili akaushe chumba chake, huweza kuvuta pamoja nayo mchanga laini ulioshikilia msingi wa jirani. Na kwa mwambao, ambako maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, huweza kukifanya kisima cha mtaa kuwa cha chumvi.

Lakini upande wa pili nao una haki. Sharia imemtaka mwenye kudai alete ushahidi. Twajua mtaa mmoja ambao majirani wawili waliacha kusalimiana karibu mwaka mzima, nao husali msikiti mmoja, hali tumekatazwa kumhama ndugu yetu Muislamu zaidi ya siku tatu. Mmoja alikuwa na birika, na ukuta wa mwenzake ulikuwa ukilowa. Wazee walipoingia kati hawakuanza kwa maneno. Walifunga bomba liingizalo maji, wakafunga na litoalo, wakafunika birika, wakatia alama ya penseli kwenye uso wa maji. Asubuhi maji yalikuwa pale pale kwenye alama. Ndipo wakauzunguka ukuta ule, wakaona mfereji wa paa la yule mwenye kulalamika mwenyewe ukimwaga chini ya msingi wake. Mfereji ulirefushwa kwa siku moja. Salamu zilichukua muda mrefu zaidi kurudi.

Kwa hivyo kabla ya kusema fulani amenidhuru, pima. Kwa bwawa la wazi, ambalo jua nalo hulipunguza, weka ndoo yenye maji juu ya ngazi ya bwawa, uso wake wa ndani ulingane na uso wa nje, tia alama zote mbili, ungoje saa 24. Jua litapunguza yote mawili sawasawa. Bwawa likipungua kuliko ndoo, hapo pana mvujo. Kwa ukuta, bandika kipande cha karatasi ya nailoni na ukifunge pande zote kwa gundi, siku mbili. Umande ukiwa upande wa chumbani, ni unyevunyevu wa hewa ya chumba, na dawa yake ni dirisha. Ukiwa upande wa ukutani, maji yatoka ndani ya ukuta.

TAHARA

Tumalize kwa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ufa wa birika ni mlango wenye njia mbili. Birika likijaa kuliko ardhi, maji hutoka. Birika likipungua, na ardhi imejaa, maji ya ardhini huingia. Na mijini, maji ya ardhini yamepakana na mashimo ya vyoo. Wataalamu wa afya husema choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 angalau, na hata umbali huo huwa mdogo penye mwamba wenye nyufa. Katika mitaa yetu iliyosongana, ni nani aupatao?

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi maji yaliyofika qulla mbili, nazo kwa hesabu ya baadhi ya wanazuoni ni zaidi kidogo ya lita 200, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Na yaliyo chini ya kiasi hicho hunajisika kwa kuingiwa na najisi. Basi birika lililobaki maji kidogo chini, katikati ya masika, lenye ufa upande wa shimo la choo, na litazamwe kwa hadhari kabla ya watu kutawadha. Na tusichanganye mambo mawili: maji huweza kuwa tahiri kwa udhu, na bado yakawa na maradhi kwa kunywa. Kipindupindu hakina rangi wala harufu. Maji ya kunywa yachemshwe.

Haya ndiyo tuliyoyaona yafaa kuelezwa. Mwenye birika na alikague kiangazi hiki, angali ana nafasi. Na mwenye ugomvi wa ukuta na jirani yake na achukue ndoo na penseli, amwendee kwa salamu, wapime pamoja. Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza habari ya kufunika na kusafisha visima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mvua yake kwetu, aifanye ya manufaa wala si ya madhara, na atulinde sisi na majirani zetu. Amin.

Wassalaam.